Baba Bado Yuko Mlangoni: Kwa Nini Filamu za Mapenzi ya Shuleni Hazichuji

Daktari Walter Stratford ana mabinti wawili na sheria moja. Bianca, yule mdogo, hana ruhusa ya kutoka na mvulana mpaka dada yake, Kat, naye awe na mvulana wa kutoka naye. Kat hataki hata kuwasikia wavulana, kwa hiyo mzee analala usingizi wa pono. Hivyo ndivyo 10 Things I Hate About You ya mwaka 1999 inavyotega mtego wake. Mimi ilininasa sebuleni kwa mjomba, kwenye DVD moja iliyojazwa filamu kumi, tisa kati yake za ngumi.

Nilicheka kwa sababu sheria ile naijua. Kwetu haikuwa ya mitoko, ilikuwa ya posa: mdogo hampiti mkubwa. Barua ya posa ya shangazi yangu mmoja ilifika nyumbani, ikasomwa, mshenga akanywa chai yake, kisha akaambiwa arudi na kusubiri, dada mtu hajapata wake. Walisubiri miaka miwili. Kwa hiyo Mmarekani yule wa kwenye televisheni alipotoa amri yake, sebule nzima ilimwelewa, pamoja na bibi ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu.

Miaka zaidi ya ishirini na mitano imepita na filamu ile bado inatazamwa. Vivyo hivyo Clueless ya mwaka 1995, na Pretty in Pink ya mwaka 1986, na nyingine kadhaa za ukoo huohuo. Jibu la haraka ni kwamba watu wa rika fulani wanapenda kilichowakuta wakiwa vijana, kama wazee wanavyoapa kwamba muziki wa dansi ulizikwa pamoja na Mbaraka Mwinshehe. Jibu hilo halinitoshi. Mpwa wangu amezaliwa mwaka 2009, hana cha kukumbuka kutoka miaka ya tisini, na Clueless anaifuata neno kwa neno. Wapo pia wanaosema siri ni mwisho wake kujulikana mapema, kwamba mtu anafarijika. Kweli, lakini hilo si jambo la filamu hizi pekee. Anayemtunza mwimbaji wa taarabu naye anautunza wimbo anaoujua beti zote.

Mimi naona hivi: filamu za mapenzi ya shuleni ndizo mahali pa mwisho ambapo mapenzi ya Kimarekani yanakuta kizuizi cha kweli. Mara nyingi kizuizi hicho ni baba, amesimama mlangoni.

Kichekesho cha mapenzi hakiendi bila kizuizi. Wawili wakipendana sura ya kwanza na wakaoana sura ya pili, hapo hakuna hadithi, pana kadi ya mwaliko tu. Watunzi wa zamani hawakuwa na shida hiyo, vizuizi walivikuta vimejaa mitaani: mzee mwenye kauli, mali ya ndoa, tabaka, majirani wenye macho. Sasa mchukue mtu mzima wa New York au Chicago mwishoni mwa karne ya 20. Ana mshahara wake, ana ufunguo wa nyumba aliyopanga, na baba yake yuko jimbo jingine, anapigiwa simu wakati wa sikukuu. Nani atamkataza? Ndiyo maana waandishi wa filamu za mapenzi ya watu wazima walilazimika kukodi uongo. Katika How to Lose a Guy in 10 Days ya mwaka 2003, mwanamke anataka kumchosha mwanamume ili aandike makala, na mwanamume anataka mwanamke ampende ili ashinde dau la kazini. Inachekesha, sikatai. Lakini wangeambiana ukweli mezani siku ya kwanza, filamu ingeisha kabla ya vitafunio.

Mtoto wa miaka 17 hana uhuru huo. Anaendesha gari la baba, na anarudi nyumbani saa aliyopangiwa na baba. Mahali pake pa kula kantini pamepangwa kwa vyeo kuliko baraza la machifu, na akimtazama mtu saa nne asubuhi, ikifika saa sita shule nzima imekwisha kumwoza. Halafu kuna tarehe isiyosogezwa: promu, dansi kuu ya kufungia shule, ambayo kwenda peke yako ni kama kwenda harusini bila kualikwa. Shule ni kijiji. Mtunzi mwenye kisa cha kale cha ndoa, akitaka kukipandikiza Marekani kikashika, hana udongo mwingine.

Si ajabu basi kwamba miaka ile ya tisini Hollywood ilifukua maktaba. Amy Heckerling aliichukua Emma, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1815, akaihamishia Beverly Hills. Alikwenda kukaa madarasani katika shule ya huko akisikiliza wanafunzi wanavyoongea, kisha akaandika Clueless. She's All That ya mwaka 1999 ilikopa kutoka Pygmalion, tamthilia ya Bernard Shaw ambamo mwalimu anamfunza msichana wa mtaani kuongea kistaarabu. Msichana anavuliwa miwani, ghafla watu wanagundua ana sura, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 100 duniani. Shaw alikataa katakata kuwaoza mwalimu yule na mwanafunzi wake, hata akaandika maelezo marefu ya kueleza kwa nini. Hollywood haikuyasoma. Ile ya Kat na Bianca ni The Taming of the Shrew, tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya mwanzo ya 1590, ambamo tajiri wa Padua aitwaye Baptista anakataa kumwoza binti mdogo kabla ya mkubwa. Waandishi wake, Karen McCullah Lutz na Kirsten Smith, wala hawakuficha: shule wameiita Padua, kijana wamemwita Verona, na familia wameipa jina la Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare.

Msomaji wa Kiswahili hapa si mgeni. Mwalimu Nyerere alipotafsiri Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969, watu wengi waliangalia fedha na ratili ya nyama, na jina alilolichagua liliwasukuma huko. Lakini mmo humo yumo Portia, binti ambaye baba yake amekwisha kufa na bado anamchagulia mume: masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na mchumba asiyejua kuchagua arudi kwao. Huyo ni baba aliyesimama mlangoni akiwa kaburini.

Katika Clueless mlango ni mlango hasa. Kijana anakuja kumchukua Cher, msichana wa filamu hiyo, na baba wa Cher, mwanasheria mwenye uso wa kesi ya mauaji, anamfahamisha kwa utulivu kwamba anayo bastola na anayo sepetu, na hadhani kuna atakayemtafuta. Mistari miwili tu, na mpwa wangu hutazama pembeni kumwona baba yake amecheka au la. Kwa kawaida hacheki.

Filamu ya Kat ndiyo iliyofikiri kwa kina zaidi kuhusu urithi wake, hasa kwenye fedha. Patrick Verona, aliyeigizwa na Heath Ledger, Mwaustralia wa Perth ambaye Marekani ilikuwa bado haijamjua, analipwa na tajiri wa shule, Joey, ili amtoe Kat na njia ya kumfikia Bianca ifunguke. Anapiga bei kama dalali wa Kariakoo na kukubali dola 50, na bei inapanda kadiri kazi inavyokuwa ngumu. Nyuma ya Joey wapo vijana wengine wawili waliomtia maneno. Kwa lugha ya kistaarabu tungewaita washenga. Lugha ya mtaani ina neno kali zaidi, nalo ni kuwadi.

Fuata sasa safari ya fedha hiyo. Kwa Shakespeare, Petruchio, mchumba wa binti mkubwa, anakuja Padua akitangaza waziwazi kwamba anatafuta mke tajiri, na mali inatoka kwa baba kwenda kwa mume. Kwetu inapita njia ya pili, kutoka kwa mume kwenda kwa baba. Njia zote mbili binti yuko katikati, anatazama inavyopita. Katika filamu, Patrick anachukua pesa za Joey, ananunua gitaa la Fender, Kat akiwa ametamani kuanzisha bendi, na kuliacha ndani ya gari lake. Mali imetolewa na hasimu, imebebwa na mchumba, na imetua mikononi mwa mwanamke mwenyewe. Sijui kama waandishi walipanga kulipa deni la miaka mia nne kwa gitaa moja, lakini deni limelipwa.

Kisha kuna hotuba. Katherina wa Shakespeare anamaliza tamthilia kwa mistari zaidi ya arobaini akiwahimiza wanawake waweke mikono chini ya nyayo za waume zao, na wataalamu wamegombana juu yake hadi leo: anamaanisha au anakejeli? Kat hamalizi hivyo. Mwalimu wa Kiingereza amewapa kazi ya kuandika shairi lao wenyewe kwa kufuata soneti ya Shakespeare. Kat anasimama mbele ya darasa na kusoma orodha ya anavyovichukia kwa Patrick, mpaka sauti inamkatika na anatoka mbio. Machozi ya Julia Stiles, aliyeigiza Kat, pale hayakuwa yamepangwa. Watu wengi huiita sehemu hiyo ya kimapenzi. Mimi huiona ya kutisha, na nina sababu.

Nilisoma shule ya bweni. Barua zilipita kwa wapishi, kwa watoto wa walimu, na siku za mdahalo na shule ya wavulana, karatasi ya rula imekunjwa mpaka inatosha ndani ya kofia ya kalamu. Mwaka wa kidato cha tatu moja ilikamatwa, na mwalimu wa zamu akaisoma mstarini, Jumatatu asubuhi, mbele ya shule nzima, akitulia kwenye kila kosa la kisarufi ili tucheke. Tulicheka. Aliyeiandika alisimama mstari wa pili kutoka wangu akitazama bendera. Mpaka tunamaliza kidato cha nne aliitwa kwa sentensi moja ya barua ile, na hata leo tukikutana kwenye misiba naikumbuka kabla ya jina lake. Kwa hiyo Kat anaposimama kujisomea barua yake mwenyewe mstarini, bila kukamatwa na mtu yeyote, mimi simwoni msichana mwenye mapenzi tu. Namwona mtu aliyempokonya mwalimu wa zamu karatasi.

Hapo ndipo zilipo nguvu za filamu hizi, na adui zao hukosea wanapozibeza kwamba ni za kitoto. Zinajua kwamba katika kijiji kidogo kupenda ni jambo la hadhara. Ndiyo maana kuomba radhi nako ni kwa hadhara: Patrick anaimba kwenye ngazi za uwanja, bendi ya matarumbeta ikimpigia, walinzi wakimkimbiza. (Uwanja huo ni wa shule ya Stadium huko Tacoma. Jengo la shule lilianza kujengwa mwaka 1891 liwe hoteli ya kifahari ya kampuni ya reli. Fedha zikakauka, moto ukalichoma, na wanafunzi wakaingia mwaka 1906. Kasri lile unaloliona si pambo la studio.) Aliyekuaibisha mbele za watu hakuombi msamaha chumbani.

Pretty in Pink ina mlango wa namna nyingine. Baba wa Andie hazuii chochote, mkewe alimwacha, hana kazi ya maana, na binti ndiye anayemwamsha asubuhi. Kizuizi ni fedha: Andie anajishonea nguo, Blane, mvulana anayempenda, anatoka mtaa wa matajiri, na marafiki wa Blane ndio wanaolinda geti. John Hughes aliandika mwisho ambamo Andie anabaki na Duckie, rafiki yake maskini mwenye maneno mengi. Filamu ikaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, wakaikataa, wakamtaka tajiri. Waigizaji wakaitwa tena kurekodi, na Andrew McCarthy, aliyekwisha kunyoa kichwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, akavalishwa nywele za bandia zinazoonekana hata kwa jicho la chongo. Yaani wazee wa ukoo walikaa, wakapiga kura, na bwana harusi akabadilishwa. Naamini walikosea. Hughes pia, nadhani, maana mwaka uliofuata alileta Some Kind of Wonderful, kisa kilekile kimegeuzwa, na humo rafiki maskini anashinda.

Huyu Hughes ana deni jingine ambalo haliishi kwa kicheko. Sixteen Candles ya mwaka 1984 ina mwanafunzi wa Kiasia ambaye kila akitokea inapigwa kengele ya dhihaka, na ina msichana aliyelewa hajitambui anayekabidhiwa kwa mvulana kama mzigo. Molly Ringwald, nyota wake, aliandika mwaka 2018 katika jarida la The New Yorker jinsi ilivyomsumbua kuzitazama upya filamu zilizomjenga. Mwaka huohuo, katika To All the Boys I've Loved Before, Lara Jean, msichana ambaye mama yake alikuwa Mkorea, anamwonyesha mvulana wake, Peter, filamu hiyo ya Sixteen Candles. Peter anauliza kama yule Mwasia si ubaguzi. Lara Jean anajibu kwamba ni ubaguzi mkubwa mno, na sababu inayotolewa ya kuendelea kuipenda ni mvulana mzuri wa kwenye filamu. Sina maelezo bora kuliko hayo ya jinsi mtu anavyoipenda kazi iliyomtukana. Nami nimeitazama zaidi ya mara moja, na katika vijiji hivyo vyote mtu mwenye rangi yangu alikuwa rafiki wa nyota, mwenye mstari mzuri na bila kisa chake.

Filamu hiyo ya mwaka 2018 inathibitisha jambo jingine. Ilitoka wakati kila mtoto wa Marekani ana simu, na simu ni sumu kwa hadithi hizi: unapenda kwa siri, unakataliwa kwa siri, na baba haoni nani amegonga mlango kwa sababu hakuna anayegonga. Basi kisa kimejengwa juu ya nini? Barua. Barua tano za karatasi zilizofichwa kwenye sanduku, ambazo mdogo mtu anazituma kwa posta, na vijana wawili wanaoandikiana mkataba wa mapenzi ya kuigiza wenye vifungu. Mwaka 2021 ilikuja He's All That, marudio ya ile ya miwani, na humo msichana anaaibika mbele ya wafuasi wake mtandaoni. Haikunigusa. Wafuasi wako hawakuketi nawe kantini, na unaweza kuwazima. Mstarini huzimi mtu.

Sitaki kumfanya baba kuwa kichekesho tu. Daktari Stratford anazalisha wasichana wadogo kila siku, na kabla Bianca hajakwenda kwenye sherehe anamvisha tumbo la bandia lenye uzito ili aonje. Wamarekani wanacheka. Tanzania hatukuwa na anasa hiyo: mpaka tangazo la Novemba 2021, mwanafunzi aliyepata mimba katika shule ya serikali alifukuzwa na habari yake ya masomo iliishia hapo. Tumbo lile kwetu lilikuwa hukumu, na baba aliyesimama mlangoni usiku alikuwa anajua anacholinda, hata kama alilinda kwa fimbo.

Filamu iliyomchukulia baba kwa uzito kuliko zote ni Say Anything ya mwaka 1989, ya Cameron Crowe. Wengi wanaijua kwa picha moja: John Cusack, aliyeigiza Lloyd, amenyanyua redio kaseti juu ya kichwa chini ya dirisha la msichana, Diane. Mimi naikumbuka kwa meza ya chakula. Diane ameongoza darasa na amepata nafasi ya kusoma Uingereza. Lloyd hana lolote ila mchezo wa ngumi na mateke. Anaketi mbele ya baba na wageni wake, na linakuja swali ambalo kila kijana aliyepeleka posa analijua: na wewe, kijana, unategemea kufanya nini? Lloyd anaanza kujieleza na hasimami. Hataki kuuza kitu, wala kununua kitu, wala kutengeneza kitu. Anajizungusha mpaka amejifunga kamba yote. Mjomba wangu alipoiona sehemu hiyo alisema kwa huruma: huyu hana mshenga.

Lakini baba huyu, mpole, anayempenda binti yake kweli, anayesimamia nyumba ya kutunzia wazee, ndiye mwizi. Amekuwa akila fedha za wazee hao, na Diane ndiye anayekuja kuzigundua zimefichwa nyumbani kwao. Mlinda mlango ameoza, na bado ni baba. Anafungwa. Diane anakwenda gerezani kumkumbatia na kumpa kalamu, amwandikie, kisha anapanda ndege na Lloyd kwenda Uingereza. Anaogopa kuruka. Lloyd amemweleza kwamba taa ya onyo juu ya viti ikilia, ujue mambo yako salama. Wote wawili wanaikodolea macho. Hawabusiani, baba amebaki ardhini nyuma ya ukuta, na wao wamekaa wameshikana mikono wakisubiri taa iwape ruhusa. Inalia, na skrini inakuwa nyeusi.